Kioo Kimoja, Watu Wawili Wasioonana

Juzi mjukuu wangu kanipiga picha nikila ugali. Si moja. Nilihesabu zikapita ishirini, na tonge bado liko mkononi. Nikamwuliza, "Wewe, sasa ipi ndiyo picha?" Akanijibu, "Babu, nitachagua baadaye." Eti nitachagua baadaye! Nilicheka mpaka mboga ikanipalia. Vijana, mimi nimeanza kupiga picha enzi za Mwingereza, Iringa kwanza halafu Mbeya, na hilo neno la kuchagua baadaye hatukuwa nalo. Ulichagua kwanza, ukapiga, halafu ukamwomba Mungu. Kaeni niwasimulie, maana nikiyakumbuka yale mambo ya miaka ya hamsini, hadi leo usingizi unaniruka.

Aliyenifundisha ni Fundi Sebastiani, Mhehe mwenzangu, kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko pale Iringa mjini. Yeye alijifunza kwa mapadri, na mapadri walipopata kamera mpya wakamwachia ile ya zamani: sanduku la mbao kwenye miguu mitatu, kitambaa cheusi cha kujifunika nyuma, na lenzi mbele yenye kifuniko. Filamu za kuviringisha zilikuwa zimeshafika madukani, lakini yeye alishikilia vioo vyake. Kioo kimepakwa dawa, unakiingiza kwenye kamera kikiwa gizani, kinapokea picha moja tu. Ukikosea, kimekwenda. Hakuna kurudia.

Na mwanga tuliupimaje? Kwa sala! Fundi alikuwa anatoa kifuniko, anasali Salamu Maria mbio mbio, anarudisha kifuniko. Jua kali, maneno matatu ya kwanza yanatosha. Kukiwa na mawingu, nusu ya sala. Ndani ya kibanda, sala nzima. Siku moja alikuja Mlutheri mmoja, mwalimu, akasema hawezi kupigwa picha kwa sala ya Kikatoliki. Fundi hakubishana. Akamhesabia moja mpaka kumi, polepole, kama anavyohesabiwa mtoto wa shule. Picha ikaungua kwa mwanga, uso mzima mweupe, hata pua haipo. Fundi akamwonyesha, akamwambia, "Umeona? Haya, rudi ukae tusali." Na mwalimu alirudi akakaa.

Vile vioo navyo vilikuwa na ujinga wao. Havikuona rangi nyekundu. Chekundu chochote kilitoka cheusi tititi. Mimi sikuambiwa, au niliambiwa nikiwa nawaza mengine. Basi akaja dada mmoja na gauni lake jekundu la kushona, amependeza huyo, anataka picha ya kumtumia mchumba wake aliyekuwa Dodoma. Nikampiga. Wiki tatu baadaye akaja kibandani na barua mkononi, macho yamemtoka. Mchumba ameandika kumpa pole ya msiba, anauliza ni nani aliyefariki! Fundi alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo mteja akiingia, kabla ya kumwona uso namwona nguo.

Lakini ugonjwa wangu mkubwa haukuwa huo. Ugonjwa wangu ulikuwa mahali. Fundi alipiga watu, mimi nilitaka kupiga njia, mashamba, vibanda vya soko, moshi ukitoka kwenye paa la nyasi asubuhi. Nikiona mawingu yanagawanyika juu ya mlima, nishaikimbilia kamera! Fundi akawa ananiuliza, "Nani atalitundika wingu ukutani? Wingu lina shangazi?" Nami sikuacha.

Mara ya kwanza kupiga mahali nilikwenda kwetu Kalenga, alfajiri. Mto ulikuwa unafuka ukungu, akina mama wanachota maji, huwaoni miguu, unaona viwiliwili tu vinaelea. Nilipiga nikiwa nataka kulia kwa furaha. Nikarudi mjini mbio nikisafishe kile kioo. Sasa asubuhi ya baridi dawa ya kusafishia inalala, haifanyi kazi, lazima uipashe moto. Nami kwa haraka yangu nikaiweka kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa ya moto kweli kweli. Picha ikatoka vizuri, nikaruka juu. Nikakitoa kioo nikakisuuza kwa maji ya baridi ya kisimani. Mama yangu! Ile dawa ya kwenye kioo ikajikunja yote, ikapasuka mistari mistari mbele ya macho yangu. Fundi akaja, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Mto, Fundi. Kalenga."

"Huu si mto. Hii ni ngozi ya kenge."

Halafu akanifundisha. Usitie kidole kwenye dawa, kidole cha fundi kimezoea moto na baridi, kinadanganya. Tia kiwiko, kama mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Na maji ya kusuuzia uyapashe vile vile, yalingane na dawa. Shikeni hilo hata kama hamtasafisha kioo maisha yenu yote, litawafaa kwa watoto wenu.

Baada ya miaka miwili akaniambia, "Nenda Mbeya. Kule kuna mawingu mengi, na vioo utakavyoharibu vitakuwa vyako." Akanipa ile kamera ya mapadri, yeye akanunua mpya. Nikapanda lori la mizigo, sanduku nimelipakata njia nzima, vumbi la barabara ile likanifanya nifike mwekundu kuanzia nywele mpaka viatu. Nikapata chumba karibu na soko. Msidhani ni Mbeya hii yenu. Ilomba mnayoiona imejaa nyumba, mimi nilikuwa naenda kupiga picha za mashamba ya maharage huko, na nikichelewa kurudi nilikuwa namwogopa fisi.

Sasa ndipo linapokuja jambo lenyewe.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Mbeya inayokata masikio. Asubuhi moja aliingia mzee mrefu, kavaa koti kuukuu la jeshi, kofia kaishika mkononi.

"Ugonile," akanisalimu Kinyakyusa, akataja jina lake: Mzee Mwaitenda wa Igawilo.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae."

"Marahaba. Mwanangu, nasikia wewe unapiga hata nyumba."

Nikasimama. "Nyumba?"

"Nyumba yangu. Na ua, na migomba, na ng'ombe wangu. Halafu sisi wenyewe tuwemo humo humo."

Jamani! Mwaka mzima sijapata mtu mmoja wa kuniomba nimpigie mahali! Nilikaribia kumkumbatia yule mzee. Nikamwambia nitakuja leo hii hii. Akacheka, akasema, "Kesho inatosha. Lakini sikiliza kwanza, hili si la kuchezea."

Mwanawe Ambakisye alikuwa kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini, mwaka wa nne. Aliondoka mkewe Atupele akiwa na mimba, na mtoto hajamwona mpaka leo. Mwanzoni aliandika. Halafu kuna mtu akampelekea maneno huko kwamba nyumba ya baba yake imeungua, kwamba Atupele amerudi kwao na ana mume mwingine. Ambakisye akaandika barua moja ya mwisho: kama nyumbani hakuna tena, narudi kwa nani? Wazee wakamjibu mara tatu, akasema barua mtu yeyote anaweza kuiandika.

"Na ndugu zake Atupele wamechoka kungoja," mzee akasema. "Wamesema mvua za kwanza zikidondoka bila mwenyewe kurudi, wanakuja kumchukua dada yao na mtoto. Nami sitaweza kuwazuia, maana wana haki. Kuna mwenzake wa mgodini amekuja likizo, anarudi Jumamosi. Nataka aende na picha. Picha haiandikwi na mtu."

Nikamwambia, mzee, umefika.

Kesho yake Alhamisi nikafunga kamera nyuma ya baiskeli, vioo sita ndani ya kasha lake. Sita, kumbukeni. Basi, kufika nje ya mji mawingu yakaanza kupanda milima ya Uporoto. Yanapanda, yanashuka, jua linapenya katikati linagonga shamba moja tu, mengine yote giza! Mimi na ugonjwa wangu, ningefanyaje? Nikashuka. Nikaifungia ile lenzi kioo cha njano, maana bila kioo cha njano anga linatoka jeupe tupu na wingu hulioni. Nikapiga. Mbele kidogo nikaona akina mama wamepanga mstari na vikapu vya mahindi wanakwenda kusaga. Nikapiga. Halafu daraja la miti. Halafu kibanda cha mwashi, halafu moshi wa paa lake. Nilifika Igawilo nimejaa furaha, naimba, na kasha langu lina kioo kimoja.

Nilijitukana, lakini nikajipa moyo: picha ni moja, kioo ni kimoja, kuna tatizo gani? Nikasimamisha kamera mbele ya nyumba. Nyumba nzuri, ya mianzi na udongo, migomba nyuma yake, na milima juu ya migomba. Ng'ombe mwekundu kafungwa kwenye kigingi katikati ya ua. Mzee akaomba achungulie kwenye kamera. Nikamfunika kitambaa. Akatoka kwa kasi. "Nyumba yangu imepinduka! Paa liko chini!" Nikamweleza kamera ndivyo inavyoona, kichwa chini, itakaa sawa kwenye karatasi. Hakuniamini sana, ila akakaa kwenye kiti chake upande wa kushoto, kifua mbele.

Nikaita kwa sauti, "Haya, mama mwenye mtoto, njoo usimame nyuma ya mzee, shika bega la kiti!"

Loo! Atupele alikuwa anachungulia kwenye kona ya nyumba. Nilipotamka hivyo akajifunika kanga kichwa kizima, akatoweka kwenye migomba na mtoto mgongoni. Mzee naye akageuka ukutani, uso wake karibu ugonge udongo, akatulia hivyo kama mtoto aliyeadhibiwa. Mimi nimesimama katikati na kitambaa changu cheusi, sielewi nimefanya nini.

Mama Ambakisye, mke wa mzee, akanijia mbio. "Wee Mhehe! Unataka kutuletea balaa? Mkwe na mkamwana hawaonani! Tangu aolewe, huyu mzee hajamwona uso, naye hajamwona mzee. Akipita huku, yeye anapita kule. Mimi ndiye ninayepeleka maneno."

"Hata kanisani?"

"Kanisani kuna upande wa wanawake, na yeye anatangulia kutoka. Kwenu hamna?"

Kwetu kuna heshima yake, ila haikuwa hivyo. Sikujua, na sikuuliza, ndilo kosa langu. Akiwa bado ameelekea ukutani, mzee akauliza, "Amekwenda?" Mama Ambakisye akajibu, "Amekwenda, geuka." Akageuka, jasho linamtoka na baridi yote ile.

Nikasema basi tupige wao wawili, au Atupele na mtoto peke yao. Mama Ambakisye akatikisa kichwa. Akiwa mzee peke yake, Ambakisye atasema ni kweli, mke hayupo. Akiwa Atupele peke yake, atasema yuko kwa mume mwingine. Lazima wote wawe kwenye ua huu. Nikafikiri picha mbili, ua ule ule, nyumba ile ile. Nikaangalia kasha. Kioo kimoja. Mawingu yangu yale! Nilijisikia vibaya, vijana, siwadanganyi. Mwanamke wa watu anaweza kupoteza ndoa yake kwa sababu mimi nimeona daraja la miti likanipendeza.

Hapo nikakumbuka hadithi ya Fundi Sebastiani. Alisema padri mmoja aliwahi kujipiga picha anacheza bao na nafsi yake mwenyewe, padri kushoto na padri kulia. Siri ilikuwa kadibodi. Unaziba nusu ya lenzi, unapiga upande mmoja. Halafu bila kuigusa kamera hata kwa pumzi, unaziba nusu nyingine, unapiga upande wa pili, kioo kile kile. Mimi sijawahi kujaribu hata siku moja. Nikamwambia Mama Ambakisye nipe boksi lolote na masizi ya chungu.

Tukaipaka kadibodi masizi, mimi na yeye, mpaka tukawa weusi hadi kwenye viwiko. Nikaziba upande wa kulia. Mzee akakaa. Nikatoa kifuniko, maneno yangu matatu ya Salamu Maria, na hayo yote niliyasali kwa kumaanisha. Nikafunika. "Mzee, nenda." Akaenda hadi nyuma ya zizi, akapiga kelele kutoka huko, "Nimeshafika!"

Atupele akaja. Kavaa kanga nyekundu! Nikapiga ukelele, "Badilisha, dada, utatoka kama mfiwa!" Akaingia ndani, akarudi na nyingine ya rangi ya maua ya njano hafifu, mtoto kamweka kiunoni. Akasimama mlangoni upande wa kulia. Ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, unafikiri anione nimechoka, au anione nimependeza?"

Nikamwambia, "Simama unavyojisikia." Akainua uso, akaitazama lenzi moja kwa moja, hakupepesa. Nikahamisha kadibodi, nikatoa kifuniko, nikasali, nikafunika. Basi. Kioo cha mwisho kimekwisha.

Ijumaa asubuhi nilikisafisha. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu utando mwembamba wa barafu. Nikapasha dawa, nikapasha maji, nikatia kiwiko huku, nikatia kiwiko kule, mara sita nadhani. Kwenye taa nyekundu ikaanza kutokea: paa, halafu migomba, halafu mzee na kiti chake, halafu Atupele na mtoto. Na mpaka wa katikati hauonekani! Nikapiga kelele humo ndani peke yangu. Halafu nikamwona ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa katikati kabisa, kwenye mpaka. Nilipompiga mzee, ng'ombe alimwangalia mzee. Nilipokuwa nagombana na ile kanga nyekundu, yeye akageuka kumwangalia Atupele, nami sikutazama. Kwa hiyo kwenye kioo changu yupo ng'ombe mmoja mwenye vichwa viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, na mkia hana. Nikakaa chini sakafuni. Msafiri anaondoka kesho.

Nikachapa karatasi kwa mwanga wa jua, maana mashine ya kuchapia sikuwa nayo. Unabana karatasi na kioo kwenye fremu, unaweka juani, unangoja. Nikapiga mhuri wangu nyuma, nikapanda baiskeli nikiwa najiandaa kutukanwa.

Mama Ambakisye aliipokea, akaitazama muda mrefu. Akaniangalia. Akatazama tena. Nikafungua mdomo, akaniambia kwa chini, "Nyamaza, baba." Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona tena kokote. Alichukua pindo la kanga yake, akafunika nusu ya kulia ya picha, akampelekea mumewe aliyekaa chini ya ukingo wa paa. Mzee akajiona kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa mbele ya nyumba yake. "Ee, ni mimi," akasema. "Na ng'ombe kaninusa." Mama Ambakisye akaenda nyuma ya nyumba, akafunika nusu ya kushoto, akamwonyesha Atupele. Atupele akamgusa mtoto wake kwa kidole, kwenye karatasi. Akasema, "Ng'ombe naye ametuangalia." Kila mmoja aliona ng'ombe mwenye kichwa kimoja! Picha nzima hakuna aliyeweza kuiona kati yao. Ilikuwa ya Ambakisye peke yake.

Mzee akaniambia niandike barua, nami nikaandika anavyotamka: mwanangu, tazama mwenyewe, nyumba ipo, mimi nipo, mkeo yupo na mwanao, rudi. Nikaifunga pamoja na picha. Jumamosi ikaondoka.

Agosti ikapita kimya. Septemba kimya. Kaka yake Atupele alikuja Igawilo mara mbili kuangalia anga. Mimi nilikuwa nikimwona Atupele sokoni na kikapu cha ndizi, ananitazama, nami nilipita haraka. Mwishoni mwa Oktoba mawingu yakaanza kujaa upande wa Rungwe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayachukia mawingu.

Mchana mmoja mlango ukafunguka kwa teke. Akaingia mtu kifua kipana, buti za mgodini, sanduku la bati begani. Akalitua chini likalia. Akatoa picha kifuani akaibamiza mezani.

"Nani kapiga hii?"

Mimi mjinga, kwa kujivuna kabisa, nikasema, "Mimi!"

Alinikamata kola akaninyanyua. "Ulimsimamisha mke wangu mbele ya baba yangu? Wewe ni nani? Na baba alikubali? Baba yangu amerukwa na akili, au mlimnywesha nini?"

Vijana, hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mimi Mhehe nilifurahia ufundi wangu, nikaandika barua, nikasahau kuandika neno moja kwamba hawakuwa pamoja! Yeye kule mgodini kafungua bahasha, akaona jambo ambalo kwao halijawahi kuonekana, baba na mkamwana ua mmoja, uso kwa uso. "Nilisikia nyumba imeungua, nikavumilia," akaniambia, machozi yanamtoka kwa hasira. "Hili sikuweza. Nilijua kwetu kumeharibika kabisa. Picha ilichelewa kwa mwenzangu, imenifikia mwezi huu tu, na siku ile ile nimeacha kazi. Na sasa naogopa kwenda nyumbani kabla sijajua nitakuta nini!"

Pumzi hazinitoshi, nikamwambia, "Mwangalie ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

"Kwenye picha! Hesabu vichwa!"

Akaniachia. Akainama mezani. "Nilidhani ni ng'ombe wawili," akasema polepole. "Wamekaa mmoja nyuma ya mwenzake." Akahesabu miguu. "Miguu hii ni minne tu." Nikachukua kadibodi yangu yenye masizi, nikamwonyesha kwenye kamera: baba yako hapa, halafu akaenda nyuma ya zizi. Mkeo hapa, baadaye. Ng'ombe alibaki, akageuka. Wangekuwa wote pamoja, ng'ombe angekuwa na kichwa kimoja.

Akakaa juu ya sanduku lake. "Kwa hiyo baba hajamwona?"

"Hajamwona. Hata kwenye karatasi hajamwona. Mama yako alifunika kwa kanga."

Yule mtu mzima aliweka uso kwenye viganja, mabega yakawa yanaruka. Mwanzo nilidhani analia, halafu nikasikia anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. Akasema, "Mama! Kwa kanga!" Kisha akainuka, akashika picha, akatoka mlangoni mbio. Nilimwona anakata soko katikati kuelekea barabara ya Igawilo, wauza nyanya wanamtukana. Nami tangu siku ile sijawahi kutoa picha bila kuandika nyuma yake ni nani, wapi, na ilipigwaje. Andikeni, vijana. Picha haisemi uongo, lakini pia haijielezi.

Jioni ndipo nilipoona kwamba sanduku lake lipo pale pale.

Asubuhi nikalifunga kwenye baiskeli, zito hilo, nikapanda nalo vilima vyote kwa miguu nikisukuma. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku na njia ilikuwa tope. Nilipofika nikamkuta Ambakisye yuko juu ya paa kavua shati, anaziba nyasi mahali palipovuja, na kijana wake wa miaka mitatu kasimama chini anamwangalia kwa mashaka, kidole mdomoni. Mzee Mwaitenda alikuwa kwenye kiti chake mlangoni.

"Mhehe! Umebeba nini?"

"Sanduku la Ambakisye, mzee. Alilisahau kwangu jana."

Akalitazama lile bati na kamba zake za safari. Akatazama juu ya paa.

"Lipakue, halafu lirudishe mjini ukaweke vioo vyako," akasema. "Huyu hana safari tena."

Na nyuma ya nyumba, kule ambako mkwe hawezi kumwona, nikamsikia Atupele anacheka kwa sauti.